Paka anayekojoa nje ya trei msimtie kwenye gunia, kwanza mtazameni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama inawezekana msiikate katikati, maana hili jambo nimekaa nalo wiki nzima linanikereketa. Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba paka wake ameanza kukojoa ovyo ndani ya nyumba, mara kwenye zulia, mara kwenye kochi, mara kwenye nguo zilizofuliwa, ameshamkandamiza pua kwenye mkojo wake mwenyewe, ameshamchapa, ameshamfungia nje usiku, haikusaidia kitu, na sasa anasema amebakiza dawa moja tu, kumtia kwenye gunia akamwage mbali asikoweza kurudi. Na anatushauri sisi wengine wenye shida hiyo tufanye hivyo hivyo.

Sijaandika ili nimseme vibaya. Hasira yake naijua. Ile harufu naijua, ukifungua mlango inakupokea, ukifua inaondoka, hewa ikiwa na unyevu inarudi palepale, mtu akibisha hodi unaanza kuona aibu kabla hata hujamkaribisha. Lakini mimi nilifanya karibu yote aliyofanya yule msomaji, na paka wangu nusura afie mikononi mwangu, ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Paka wangu anaitwa Pamba, dume, mweupe wote isipokuwa mkia, na tangu akiwa mdogo hajawahi kunisumbua, trei yake ya mchanga ya kujisaidia ipo pale na anaijua. Alipokuwa na miaka 4, asubuhi moja niliamka nikakuta shuka limelowa upande wa miguuni, nikadhani ni maji, nikainama kunusa, we acha tu. Nikafua nikaanika nikasema labda imetokea bahati mbaya. Kesho yake akakojoa ndani ya beseni la kunawia, kidogo sana. Keshokutwa yake akaja mbele yangu kabisa, huku ananitazama, akachuchumaa juu ya nguo ambazo nilikuwa nimetoka kuzikunja dakika ileile. Hapo nikapandwa na hasira, nikavua kandambili nikampiga nayo mara mbili, akakimbilia chini ya kitanda. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "wewe unanifanyia makusudi." Mpaka leo nikilikumbuka lile neno makusudi roho inaniuma.

Manake usiku uleule nilimsikia anaingia kwenye trei, anakwaruza mchanga, anatoka, dakika chache anarudi tena, anakwaruza, anatoka, kama mara 8 hivi, na akichuchumaa anatoa mlio mzito wa chinichini ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikasema huyu kafunga choo tu, kesho atapata. Watu wengi wanadhani hivyohivyo, na ni kosa linaloua madume wengi. Asubuhi nikawasha tochi nikaangalia ule mchanga, mkavu kabisa, hakuna hata bonge moja lililoshikana, ila pembeni kwenye plastiki kulikuwa na tone moja dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, la rangi ya waridi. Damu ile. Pamba mwenyewe amejikunja kwenye kona analamba chini ya mkia bila kupumzika, nikimgusa tumbo ananguruma, chakula hataki, na wakati nahangaika kutafuta kitu cha kumbebea akatapika.

Daktari wa wanyama hakuuliza maswali mengi. Alimpapasa tumbo kidogo tu uso ukambadilika, akanishika mkono akaweka vidole vyangu palepale, nikakuta kitu kigumu cha mviringo kama mpira mdogo uliojazwa upepo kupita kiasi. Hicho ni kibofu, akaniambia, kimejaa na mkojo hauna pa kutokea. Akanieleza kwamba mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana hasa kule mwishoni, sasa chembechembe za madini zikichanganyika na ute zinatengeneza kizibo, mkojo ukishakosa njia sumu inabaki kwenye damu, figo zinashindwa kazi, madini ya potasiamu kwenye damu yanapanda mpaka moyo unasimama, na hayo yote hayahitaji wiki, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Pamba akapigwa nusu kaputi, akawekewa mpira wa mkojo, akatundikiwa dripu, akalazwa siku 3. Alirudi amenyolewa manyoya mguu mmoja wa mbele na shingoni ana ile kola ya plastiki, na kitu cha kwanza alichofanya alipofika ni kuja kujisugua kwenye mguu wangu, mguu uleule wenye ile kandambili.

Kwahiyo nikimjibu yule msomaji naanzia hapo. Kabla hujaita tabia mbaya, jiulize kama ni ugonjwa. Kuna kuvimba kwa kibofu ambako kwa paka wengi, hasa ambao hawajazeeka, wala hakuletwi na vijidudu, kunakuja kwenyewe na mara nyingi msongo wa mawazo unahusika (nitarudi hapo). Kuna mawe ya kibofu. Kuna maambukizi ya bakteria, haya yanawapata zaidi wazee. Kuna figo kuchoka, kuna kisukari, kuna tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, magonjwa ambayo yanamfanya paka anywe maji mengi na kukojoa mengi kuliko kawaida yake, trei inajaa haraka, anaikuta imeshalowa, anatafuta pengine. Na kuna viungo kuuma. Paka wa miaka 12 au 13 mwenye nyonga mbovu anasimama mbele ya trei yenye ukingo mrefu, anaona huo ukingo kama ukuta, anakojoa palepale nje, sisi tunasema amezeeka vibaya. Huyo mkatie ukingo upande mmoja uwe mfupi, tatizo linaweza kuishia hapo.

Na hili la maumivu watu hawalielewi ndo maana nataka nilifafanue kidogo. Paka hajui kwamba kibofu chake kimevimba. Yeye anachojua ni kwamba kila akikaa kwenye ile trei anaumia, basi trei ndo adui, anaikimbia anatafuta sehemu nyingine labda hapo hataumia. Anajaribu shuka kwa sababu ni laini, anajaribu beseni au vigae kwa sababu ni vya baridi. Kumbe Pamba siku ile alipokuwa ananitazama huku anachuchumaa kwenye nguo hakuwa ananikomoa, alikuwa anaumwa mbele yangu mimi nimeshika kiatu. Na ubaya mwingine ni kwamba hata ugonjwa ukipona ile chuki na trei inaweza kubaki, ndo hapo wakati mwingine inabidi umletee trei mpya kabisa, na mchanga wa aina nyingine, na umuwekee sehemu tofauti aanze upya.

Dalili za kukimbia nazo hospitali ziandikeni hata kwa herufi kubwa Mhariri: anaingia na kutoka kwenye trei mara nyingi, anajikamua hakitoki kitu au yanatoka matone tu, analia akikojoa, analamba sehemu zake bila kuacha, mkojo una damu, anatapika, amelegea. Akiwa dume usisubiri asubuhi. Wala usimminye tumbo ukidhani unamsaidia, kibofu kilichojaa namna ile kinaweza kupasuka. Na jamani msiwape paka dawa za maumivu za binadamu, paracetamol kwa paka ni sumu, ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia na uso unavimba, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nasema hivi kwa sababu mimi nilishakishika mkononi usiku ule.

Sasa kuna kitu kingine ambacho barua ile ilikichanganya. Kukojoa na kupulizia ni vitu viwili tofauti. Paka anayekojoa anachuchumaa, anaacha dimbwi chini, kwenye kitu kilicholala kama zulia au godoro. Anayepulizia anasimama, anageuza makalio kwenye ukuta au pazia au pembeni ya kochi, mkia umenyooka juu unatetemeka, anarusha kidogo tu kwa nyuma, na utalikuta limechirizika ukutani kwenye usawa wa pua yake. Huyo anaandika barua kwa paka wengine, anasema hapa pana mwenyewe. Wanaoongoza ni madume ambayo hayajahasiwa, na mkojo wao ndo mkali kuliko wote kwa sababu una wingi wa kitu kinachoitwa felinini ambacho kikivunjika kinatoa zile harufu za salfa. Lakini na majike wanapulizia, hasa wakiwa kwenye joto la kutaka dume.

Kwa hao dawa ya kwanza ni kuhasi. Madume 10 wakihasiwa karibu 9 wanaachana na hiyo tabia au hawaianzi kabisa, na kwa majike waliotolewa kizazi wanaobaki kupulizia ni wachache zaidi, kama 1 kati ya 20. Ukihasi mapema, kwenye miezi 4 mpaka 6 hivi, unamuwahi kabla hajajifunza. Wapo wanaosema ni ukatili, sikubaliani nao hata kidogo, ukatili ni kumuacha azae vitoto visivyo na kwao halafu umfukuze dume kwa kufanya kile ambacho mwili wake unamlazimisha. Ila na aliyehasiwa anaweza kupulizia akiwa na hofu, kwa mfano kuna paka mgeni anakuja kila jioni kukaa nje ya dirisha. Hapo usimgombeze wa ndani, mzibe asimuone wa nje, pazia zito au karatasi ya kufifisha kioo upande wa chini inatosha.

Turudi kwenye trei yenyewe, maana hapa ndo wenye paka wengi tunakosea na tunakosea bila kujua.

Miezi 5 baada ya yale matatizo Pamba akaanza tena kukojoa pembeni ya trei, siyo mbali, pembeni kabisa, kama mtu aliyefika mlangoni akaghairi. Nikaogopa nikamrudisha hospitali, vipimo vya mkojo safi, kibofu safi. Daktari akaniuliza swali moja tu, trei iko wapi siku hizi? Nikamjibu niliihamishia karibu na mashine ya kufulia ili isionekane. Akanyamaza ananiangalia nijijibu mwenyewe. Na kweli, ile mashine ikifika hatua ya kukamua nguo inaruka na kunguruma nyumba nzima inasikia, na paka alikuwa amechuchumaa pembeni yake, halafu mimi nashangaa kwanini hataki kuingia. Nikairudisha trei ilipokuwa zamani. Siku ya pili yake akaingia, akachimba, akakojoa, akafukia, akatoka na mkia juu. Nilikaa chini pale sakafuni nikalia, sioni aibu kusema.

Paka wetu wa nyumbani asili yake ni paka pori wa maeneo makavu, ndo maana anajua kuishi na maji kidogo, mkojo wake ni mzito kuliko wetu, na ndo maana anapenda mchanga mlaini unaochimbika. Na akiwa amechuchumaa hana ulinzi, kwahiyo anataka sehemu tulivu ambayo anaona nani anakuja na ana njia ya kutokea. Siyo kwenye kona yenye mlango mmoja, siyo karibu na kitu kinachonguruma, siyo jirani na bakuli la chakula, hakuna anayependa kula chooni. Hizi trei zenye paa tunazipenda sisi kwa sababu zinaficha harufu, lakini harufu imefungiwa humo ndani na yeye ndo anaivuta, na akiwa mle hana pa kukimbilia paka mwenzake akija kumvizia mlangoni. Wapo wanaozikubali, sikatai, ila kama una tatizo basi kitu cha kwanza toa paa uone.

Ukubwa. Zinazouzwa nyingi ni ndogo, trei inatakiwa iwe na urefu wa kama mara moja na nusu ya mwili wa paka kutoka puani mpaka mwanzo wa mkia, aweze kugeuka bila kugusa ukuta. Mimi siku hizi natumia boksi pana la plastiki la kuhifadhia nguo, nimelikata mbele, linanitosha kuliko trei zote nilizowahi kununua. Mchanga uwe kina cha sentimita 3 mpaka 5, ule mlaini unaoshikana, usio na marashi. Marashi ni ya kwetu siyo ya kwake, pua yake ni kali kuliko yetu mara nyingi sana, kwake maua yale ni kama umefungiwa kwenye chumba na mtu aliyejimwagia chupa nzima. Na usimbadilishie mchanga ghafla, changanya kidogo kidogo na ule wa zamani.

Hapa niseme kidogo kwamba huu mchanga wa dukani wala siyo kitu cha zamani sana. Watu walikuwa wanatumia majivu na udongo na mchanga wa kawaida, mpaka mwaka 1947 huko Michigan Marekani ambapo muuzaji mmoja anaitwa Ed Lowe alimpa jirani yake chembechembe za udongo mkavu zilizokuwa zinatumika kufyonza mafuta viwandani, jirani akaona paka hawaachi tena nyayo za majivu ndani, biashara ikaanzia hapo. Ule unaoshikana mabonge ukaja miaka ya 1980. Ule unaoshikana ndo rafiki wa mwenye paka kwa sababu unakupa taarifa, ukizoea kuhesabu mabonge kila siku, leo mawili au matatu makubwa, siku ukikuta mabonge 7 madogo madogo au hakuna hata moja, unajua kuna kitu kabla paka hajalia. Mimi ningekuwa nahesabu toka mwanzo Pamba asingefika pale alipofika.

Usafi ni kuchota kila siku, mara mbili ukiweza, na kumwaga wote na kuosha trei kwa sabuni ya kawaida kila baada ya wiki moja au mbili. Jiulize wewe ukikuta choo hakijavutwa maji toka juzi utakaa? (Mjamzito hiyo kazi amuachie mwingine kwa ajili ya vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kuwa kwenye kinyesi, akikosa mtu avae glavu na achote kila siku, maana vimelea hivyo vinahitaji siku 1 mpaka 5 hivi nje ya mwili kabla havijaweza kumuambukiza mtu.)

Idadi ya trei ndo ilinikwamisha mimi mara ya tatu. Nilileta jike mdogo anaitwa Tausi, nikajua wamepatana kwa sababu hawapigani. Lakini trei ilikuwa moja, mwisho wa korido, na Tausi alipenda kulala katikati ya hiyo korido. Hakuwa anafanya kitu, amelala tu, macho nusu yamefumba. Siku moja nikakaa chini kwenye usawa wao nikatazama, Pamba anatoka chumbani anataka kupita, anamuona, anasimama, Tausi anamkazia macho tu basi, Pamba anageuka anarudi. Nusu saa baadaye anajaribu tena anarudi. Mara ya tatu akaenda nyuma ya kochi. Yani ugomvi wote ule ulikuwa unafanyika kimya kimya ndani ya nyumba yangu na mimi napita katikati yao sioni kitu. Kanuni ni idadi ya paka jumlisha moja, paka wawili trei tatu, na ziwe sehemu tofauti, ukizipanga tatu kwenye mstari mmoja kwa paka hiyo ni trei moja kubwa. Nikaweka tatu, moja kwenye chumba ambacho Tausi haendi sana, wiki haikuisha nyuma ya kochi pakawa pakavu.

Kuhusu msongo, naomba watu wasicheke, siyo mambo ya kudekeza wanyama. Tony Buffington, daktari wa wanyama aliyekuwa chuo kikuu cha Ohio State huko Marekani, ametumia miaka mingi kwenye hili tatizo la kibofu kuvimba bila vijidudu, na yeye na wenzake walionyesha kwamba ukimbadilishia paka mazingira yake, sehemu ya kujificha, sehemu ya juu ya kupanda, kucheza naye, ratiba isiyoyumba, hali inapungua sana. Na kwenye utafiti wao wa mwaka 2011 hata paka wazima kabisa, mambo yakivurugika tu, anayewahudumia kabadilika au ratiba ya chakula imesogea, walianza kutapika, kukataa kula, na kukojoa nje ya trei. Paka wazima hao. Sasa piga hesabu wewe mwaka huu nyumbani kwako kumetokea nini, mtoto kazaliwa, mmehama, fundi yupo ndani wiki ya pili anagonga, mtu aliyekuwa analala naye kasafiri. Yule msomaji aliandika mstari mmoja akaupita haraka, kwamba shida ilianza "kipindi kile mama alipoondoka." Mimi niliurudia huo mstari mara tatu.

Halafu aongezewe maji. Chakula cha majimaji badala ya kikavu kitupu, mabakuli ya maji zaidi ya moja, mapana ili ndevu zisiguse ukingo, mbali na chakula. Mkojo ukiwa mwepesi kibofu kinapumzika.

Kusafisha nako kunataka akili. Mkojo wa paka ukikauka unaacha mabaki yasiyotoka yote kwa maji na sabuni, unafuta unadhani umemaliza, hewa ikipata unyevu harufu inafufuka, paka anaisikia anasema kumbe hapa ndo choo. Kinachoyavunja ni dawa za kusafishia zenye enzaimu, unafyonza kwanza mkojo kwa kitambaa kikavu bila kusugua, unamwagia dawa mpaka ifike chini ulikofika mkojo, siyo juujuu, halafu unaacha ikauke yenyewe taratibu. Siki iliyochanganywa na maji inasaidia kama huna. Usitumie dawa yenye amonia, kwa paka inanuka kama mkojo, unamkaribisha. Na blichi usiimwage juu ya mkojo mbichi, inatoa gesi inayochoma mapafu, mapafu yako na ya watoto wako. Kama hujui pa kusafisha, zima taa usiku tembea na ile tochi ya mwanga wa zambarau, madoa yatawaka, utashangaa yalipo. Pale palipokwisha kuwa safi weka bakuli lake la chakula au cheza naye hapohapo.

Na kumkandamiza pua? Hakuna anachojifunza hapo zaidi ya kukuogopa. Hawezi kuunganisha adhabu ya sasa hivi na mkojo wa saa mbili zilizopita, anachounganisha ni sura yako na maumivu. Hofu inaongeza msongo, msongo unarudi kwenye kibofu, kibofu kinarudi kwenye zulia lako. Ukimkuta anakojoa palepale mnyanyue taratibu umpeleke kwenye trei au muache amalize, ukasafishe.

Nalijua gunia pia, manake niliwahi kumuona paka wa nyumbani aliyetupwa. Hajui kutafuta chakula, hajui mipaka ya paka shume wa pale, anakaa palepale alipomwagwa anaangalia njia mlikotokea. Aliyekuwa anakojoa nje ya trei kwa sababu kibofu kinamuuma ataendelea kuumwa hukohuko, tofauti ni kwamba hakuna wa kumuona.

Ombi langu kwenu Mhariri, mtafuteni daktari wa wanyama mmoja awe anajibu maswali ya wasomaji hata mara moja kwa mwezi, sisi wenye wanyama ni wengi na tunaishi kwa kusikia sikia tu.

Na kwa yule msomaji, ndugu yangu, kama huyo paka bado yupo hapo nyumbani, leo jioni kaa sakafuni umtazame. Angalia anachuchumaa au anasimama, anatoa kiasi gani, analia au halii, anapita wapi kwenda kwenye trei na nani yupo njiani. Kama ni dume na unaona anajikamua hakitoki kitu, weka hili gazeti chini uondoke naye sasa hivi.

Wako katika kufuga,
Mwenye Pamba na Tausi